Mswaki: Historia ya Neno, Mti na Dawa ya Kinywa

Mwalimu anayefundisha msamiati wa nyumbani katika mwaka wa kwanza huwa hana kazi kubwa na neno mswaki. Huinua kijiti cha plastiki chenye nywele za nailoni, hulitamka neno, wanafunzi huitikia, na somo husonga mbele kuelekea sabuni na taulo. Hapa Uganda kazi hiyo ni nyepesi zaidi, kwani hata Mganda asiyejua Kiswahili hukiita kifaa hicho omuswaki. Katika makala hii tungependa kumchelewesha mwalimu huyo kidogo. Neno mswaki lina umri mkubwa kuliko kifaa tunachokiinua darasani, na ndani ya historia yake mna maarifa ya mitishamba ambayo maabara za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Stockholm zimekuwa zikiyapima tangu miaka ya 1990.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, miswak, na limetokana na kitenzi chenye maana ya kusugua. Kiarabu huunda majina mengi ya ala kwa kutanguliza silabi mi- mbele ya mzizi. Wapwani walipoyapokea majina ya aina hiyo, sikio lao la Kibantu lilisikia jambo jingine kabisa. Ile mi- ambayo kwa Mwarabu ni alama ya ala, kwao ilikuwa mi- ya wingi katika ngeli ya m-/mi-. Kama vingi ni miswaki, basi kimoja hakina budi kuwa mswaki. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mismar ya Kiarabu, ambayo ni kitu kimoja tu, lakini kwetu ikazaa msumari na misumari. Na miqass ikazaa mkasi na mikasi. Mwanafunzi akiuliza kwa nini mswaki, msumari na mkasi vimewekwa katika ngeli moja na mkono na mguu, hili ndilo jibu, nasi tumeona linamkaa kichwani kuliko jedwali lolote la ngeli.

Bahati ilioje kwamba ngeli hiyo ndiyo pia ngeli ya miti. Mwembe, mwarobaini, mkarafuu, mswaki. Kwa wazee wa pwani mswaki haukuwa kifaa tu, ulikuwa mti. Mti huo ni ule ambao Linnaeus aliupa mwaka 1753 jina la Salvadora persica. Kivumishi persica kinauhusisha na Uajemi, ingawa unaota pia Karamoja, Turkana, katika nyika za kaskazini ya Tanzania na kandokando ya pwani yetu. Hupenda mahali pakavu, hata penye udongo wa chumvi ambapo miti mingine hukata tamaa. Wasomali huuita caday, Waturkana esekon, Wamaasai oremit, Wakamba mukayau. Waarabu huuita arak. Majina yametofautiana hivyo kwa sababu kila kabila liliufahamu mti huo kwa njia yake, wala halikusubiri kuletewa habari zake na jirani.

Jambo hilo tunalisisitiza, maana wapo wanaodhani kwamba kwa vile neno limekopwa, basi na tendo lilikopwa. La hasha. Ni kweli kwamba Uislamu uliupa mswaki heshima ya pekee. Hadithi za Mtume zinahimiza kusugua meno, hasa kabla ya sala, na kwa sababu hiyo vijiti vya arak vinauzwa mpaka leo nje ya misikiti mingi ya miji yetu, na biashara huchangamka mwezi wa Ramadhani. Neno lilisafiri na dini na biashara kutoka pwani hadi barani, likafika Buganda. Lakini lilipofika lilikuta watu wanasugua meno tayari. Luganda kina kitenzi chake cha tendo hilo, okusenya, ambacho hakina uhusiano wowote na Uarabuni. (Mwanafunzi Mganda akisoma kwa mara ya kwanza kwamba Waswahili huenda msituni kusenya kuni, hucheka. Hatusemi kwamba mizizi hiyo miwili ni mmoja. Tunasema tu kwamba kicheko hicho ni nafasi nzuri ya kufundisha.) Kilichopokewa kutoka pwani kilikuwa jina la kifaa. Vijiti vyenyewe vilikuwa vya miti ya hapa hapa: nzo, entaleyaddungu, mululuza na mingineyo. Rwanda, ambako Wabelgiji walitawala, neno la kifaa cha kisasa lilipita njia nyingine kabisa. Ni uburoso, kutokana na Kifaransa, na hapo hata kivuli cha mti hakipo.

Matumizi yalikuwa haya. Kijiti cha unene wa kidole kidogo, au kipande cha mzizi, kilikatwa kikiwa kibichi. Gamba la ncha moja likabanduliwa, ncha ikatafunwa mpaka nyuzi zikaachana na kuwa kama brashi. Hapo mtu akasugua meno, taratibu, pengine kwa nusu saa huku akitembea au akichunga. Nyuzi zikichoka, ncha ile ilikatwa ikatafunwa nyingine mpya. Kilichoondolewa ni ukoga, neno ambalo wanafunzi wengi hawalijui siku hizi kwa kuwa vitabu vya afya huzungukazunguka na maneno kama uchafu wa meno au utando. Ukoga ndio huo huo utando. Neno lipo, fupi na kamili, na tungefurahi kuliona katika vitabu.

Kwa nini mti mmoja ukatwe na mwingine uachwe? Hapa wazee walikuwa na vigezo vyao. Mti usiwe na sumu, nyuzi zisiwe ngumu za kuumiza ufizi, na uwe na ladha fulani, ama uchungu, ama ukali wa kuwasha ulimi. Ladha hiyo ilichukuliwa kuwa ndiyo dawa. Jino lililotoboka lilisemwa limeliwa na mdudu, na mdudu hapendi kitu kichungu. Imani ya mdudu wa jino si ya Afrika peke yake. Ipo hata katika maandishi ya kale ya Babeli. Waliosoma katika shule za kisasa waliidharau. Kisha mwaka 1890 Mmarekani W. D. Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kuhusu viumbe vidogo vya kinywani, akaeleza jinsi bakteria wanavyogeuza mabaki ya chakula kuwa asidi inayolika jino. Mwaka 1924 Mwingereza J. Kilian Clarke akamtambua mmoja wao na kumwita Streptococcus mutans. Kiswahili kilipotafuta neno la kuwaita viumbe hao hakikuhangaika: vijidudu. Mdudu wa mzee amepunguzwa kimo tu kwa kiambishi cha udogo.

Kifaa cha dukani nacho kina historia yake, ambayo tutaipitia kwa haraka. Uingereza, William Addis anatajwa kuwa alianza kutengeneza brashi za meno za kuuza karibu na mwaka 1780, kwa mfupa na nywele za wanyama. Nywele za nailoni zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, kazi ya kampuni ya DuPont. Mwaka mmoja tu baadaye, yaani 1939, ilichapishwa kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Tukiifungua leo kwenye neno mswaki, tunakuta bado ni kijiti cha mti ambacho ncha yake hutafunwa mpaka ikawa nyuzi. Nailoni ilikuwa imekwisha kuzaliwa ng'ambo, lakini kwa Mswahili neno lilikuwa bado lina gamba na utomvu.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kimyakimya. Plastiki ilipoingia madukani haikuja na jina lake. Ilichukua jina la mti. Kitu kimoja, hata hivyo, hakikuweza kuhamia kwenye plastiki, nacho ni ile ladha, ule uchungu, yaani dawa. Plastiki haina utomvu. Kwa hiyo kilichokuwa kitu kimoja kiligawanyika vikawa viwili: chombo cha kusugulia kikabaki na jina mswaki, na ile kazi ya utomvu ikapewa bomba la krimu, tukaliita dawa ya meno au dawa ya mswaki. Hebu tuitafakari ibara hii ya pili. Mswaki ambao zamani ulikuwa wenyewe dawa, sasa unatafutiwa dawa ya kupaka juu yake. Mitaani Kampala wengi husema kolgeti hata kama bomba lina chapa ya kampuni nyingine, lakini Kiswahili sanifu kiling'ang'ania neno dawa, na tunadhani kilikuwa na sababu.

Sasa twende maabara. Mwaka 1990 jarida la kimataifa la biolojia ya kinywa lilichapisha utafiti wa Homer, Manji na Beighton, ambao katika kichwa chake cha habari, katikati ya Kiingereza kizito cha kisayansi, limo neno mswaki. Watafiti hao walichukua dondoo za mimea inayotumika Kenya kusugulia meno, wakazijaribu dhidi ya bakteria wanaosababisha ugonjwa wa fizi. Bakteria hao hula ufizi kwa kutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini. Dondoo zile zilivizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Tusilipite jambo hili haraka, kwa sababu kuua kijidudu ni jambo moja, na kumnyang'anya kisu chake ni jambo jingine. Miti mingi yenye ukakasi ina tanini, na tanini hushikamana na protini. Ndiyo maana ngozi ya mnyama hulainishwa kwa magamba ya miti, na ndiyo maana ndizi mbichi hukausha ulimi. Firoze Manji aliyeshiriki katika utafiti huo ni Mkenya, na ndiye aliyekuja kuanzisha Pambazuka mwaka 2000, jarida la mtandaoni lenye jina la Kiswahili. Yaelekea hakuwa mtu wa kuona haya kuweka Kiswahili kwenye kichwa cha habari.

Mwaka huo huo wa 2000, Khan, Ngassapa na Matee walitoa utafiti wao kuhusu uwezo wa miswaki ya Tanzania dhidi ya vijidudu vya kinywani. Kisha ikaja kazi iliyojibu swali la Salvadora persica kwa uwazi zaidi. Mwaka 2011 Abier Sofrata na wenzake wa Karolinska Institutet, Stockholm, walionyesha kwamba mzizi wa mti huo hutoa kemikali iitwayo benzili isothiosayaneti, na kwamba kemikali hiyo ni kali sana dhidi ya bakteria wa kundi la Gramu-hasi, wakiwamo wale wa ugonjwa wa fizi. Mmoja wao ana jina ambalo hata sisi walimu wa fonolojia hulitamka kwa kupumzika katikati: Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Kemikali hiyo ni ya ukoo mmoja na zile zinazoifanya haradali ipande puani. Ndani ya mti ulio mzima haiko tayari. Imefungwa katika kiini kingine, na kimeng'enya cha kuifungua kimewekwa kando. Mzizi unapotafunwa, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na dawa huzaliwa pale pale mdomoni. Nayo ni yenye kuruka hewani upesi. Basi ile desturi ya kutaka kijiti kibichi, na kukata ncha iliyochoka ili itafunwe mpya, haikuwa usafi wa macho tu.

Hapa kwetu Francis Ocheng wa Makerere na wenzake, wakishirikiana na hao hao wa Stockholm, walichapisha mwaka 2014 na 2015 matokeo ya kupima mimea inayotumiwa na Waganda na majirani zao kutunza kinywa. Orodha yao, ikisomwa na mwalimu wa lugha, ni kama matembezi ya asubuhi nyuma ya nyumba. Imo Bidens pilosa, ambayo Waganda huiita ssere, Wanyarwanda inyabarasanya, na Waswahili kishonanguo kwa jinsi mbegu zake zinavyojishonea kwenye suruali ya mpita njia. Imo mululuza. Imo nzo. Imo entaleyaddungu, ambayo pwani ni mjafari, mti wenye miiba na gamba linalowasha ulimi. Yumo mchaichai, ambao tulidhani kazi yake ni chai, pamoja na ndugu yake wa porini, Cymbopogon nardus, nyasi zenye harufu ya ndimu. Katika kupima mafuta yaliyokenekwa kutoka kwenye mimea hiyo, nyasi hizo za porini ndizo zilizoongoza. Kwa jumla mafuta hayo yaliwabana zaidi bakteria wa ugonjwa wa fizi, yakambana kwa kiasi Streptococcus mutans anayetoboa meno, na yakamgusa kidogo tu bakteria mwingine wa kutoboa meno, Lactobacillus acidophilus. Matokeo yasiyolingana namna hiyo yanatupa imani zaidi kuliko yale ya mtaani yanayodai kwamba mti mmoja unatibu kila kitu.

Na tukitaja tiba ya kila kitu, mwarobaini hauna budi kuingia, mti uliotoka Bara Hindi na kupewa na Waswahili jina la magonjwa arobaini. Wahindi wamesugua meno kwa vitawi vyake kwa karne nyingi. Hatutausemea zaidi, umesifiwa vya kutosha, pengine kupita kiasi.

Karafuu, kwa upande wake, inastahili nafasi. Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akaushurutisha upandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Kila nyumba ya pwani inajua kwamba jino likiuma usiku huwekwa karafuu moja juu yake na kung'atwa polepole. Kinachofanya kazi ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Hutia ganzi na pia huua vijidudu. Madaktari wa meno waliichukua tangu karne ya 19, wakaichanganya na oksidi ya zinki kuwa saruji ya muda ya kuzibia meno. Ile harufu inayompokea mgonjwa katika kliniki nyingi za meno ulimwenguni ni harufu ya Pemba. Huko Pemba kwenyewe hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, hayatupwi. Hupelekwa kiwandani kukenekwa mafuta. Neno makonyo ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa barani hawezi kuyakisia, na kamusi zetu za shule huyaruka.

Tusije tukaeleweka kwamba tunawaambia wasomaji watupe miswaki ya plastiki. Dondoo inayoua bakteria kwenye sahani ya maabara haijathibitisha lolote kuhusu kinywa cha mtu. Maabara hutumia methanoli kunyonya kemikali za mti, ilhali sisi tuna mate. Sahani ina bakteria wa aina moja waliotawanyika. Ukoga ni mji, wakazi wake wa aina mamia wamejijengea kuta, na dawa huwafikia kwa shida. Walipolinganishwa watu wanaotumia kijiti na wanaotumia mswaki wa dukani, matokeo hayakukubaliana yote. Tafiti nyingine zilikuta kijiti kinasafisha sawasawa na brashi kikitumiwa vizuri, nyingine zilikuta kinabaki nyuma, hasa upande wa ndani wa meno ambako kijiti kilichonyooka hakifiki kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti katika miaka ya 1980 mahali ambapo ni desturi na vinapatikana. Mwaka 2000 ripoti ya makubaliano ya kimataifa kuhusu usafi wa kinywa ilisema kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Lipo pia suala la floraidi. Bomba la krimu lina kitu ambacho vijiti vyetu havikutoi kwa kiwango cha kutosha, nacho huimarisha gamba la jino dhidi ya asidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza krimu yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Waswahili walikuwa wamekwisha kuiita dawa miaka mingi kabla. (Msomaji wa Arusha au Nakuru atatukumbusha kwamba kwao floraidi imezidi majini mpaka meno yamekuwa ya kahawia. Ni kweli, lakini hilo ni suala la maji, si la mswaki.)

Kwa nini basi jarida la idara ya Kiswahili lijishughulishe na mambo ya maabara? Kwa sababu ya majina. Mtafiti wa dawa huanza kazi yake kwa mzee anayemtajia mti. Jina hilo likiandikwa vibaya, au likitafsiriwa na mtu asiyejua, mti unaofika maabara siyo ule uliotajwa. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, aliliona tatizo hili mapema, akatoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ikarudiwa kwa upana zaidi mwaka 1940. John Kokwaro wa Nairobi akafuata mwaka 1976 na kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, chenye majina ya lugha nyingi za eneo letu. Hizo ni kazi za wanabotania. Wanaisimu tumechangia nini? Tukiwa wakweli, kidogo.

Wengine hujibu kwamba jina la Kilatini linatosha. Halitoshi. Mti ambao Waganda huuita nzo uliandikwa kwa miaka mingi kuwa Teclea nobilis, na ndivyo ulivyoandikwa hata katika utafiti wa Kampala tulioutaja. Lakini mwaka 1992 mtaalamu Mziray alikuwa amekwisha kuuhamishia katika jenasi nyingine, na sasa vitabu huuita Vepris nobilis. Miti ya ukoo wa mjafari nayo iliitwa Fagara katika vitabu vya zamani, ikawa Zanthoxylum. Muda wote huo nzo ilibaki nzo na mjafari ukabaki mjafari. Kwa upande mwingine, majina ya kienyeji nayo yana mitego yake. Mzee akisema mswaki, je, anataja mti wa Salvadora, au mti wowote anaoukata kwa kusugulia meno? Mara nyingi ni hilo la pili. Muulizaji asiyejua kwamba neno lina maana zote mbili ataandika Salvadora pale ambapo mzee alikuwa ameshika kitawi cha mti mwingine kabisa, pengine mdaa, ule ambao mizizi yake hutoa rangi ya kutilia ukili wa mikeka.

Tatizo la pili ni la wafasiri, na wahitimu wetu wengi huishia katika kazi hiyo. Tuchukue kipeperushi cha afya kinachomwagiza msomaji apige mswaki mara mbili kwa siku kwa kutumia dawa ya meno. Kwa kijana wa mjini maana iko wazi. Kwa mama wa kijijini ambaye amesugua meno kwa mululuza maisha yake yote, piga mswaki ni jambo alilokwisha kulifanya asubuhi, na dawa ya meno ni kitu cha kutafutwa jino likiuma. Ataona kipeperushi hakimhusu. Mfasiri hakukosea neno hata moja, na ujumbe wa floraidi haukufika. Tungependekeza katika vipeperushi vya vijijini itumike dawa ya mswaki badala ya dawa ya meno, na neno floraidi litajwe pamoja na maelezo mafupi ya kazi yake. Aidha, kijiti kitajwe kwa jina lake bila kudharauliwa, na mwenye kukitumia aelezwe jinsi ya kufika upande wa ndani wa meno na kwamba krimu yenye floraidi inaweza kupakwa hata kwenye ncha ya kijiti.

Mwisho, tunawaomba walimu na wanafunzi wanaosoma jarida hili, popote walipo, Gulu, Mbarara, Goma, Huye, Kigoma au Kisumu, watuletee majina ya miti inayotumiwa kwao kusugulia meno. Jina peke yake halitoshi. Tuandikieni ni sehemu gani ya mti inayotumika, kama ni kitawi, gamba au mzizi. Kama hutumika mbichi au mkavu. Ladha yake ni uchungu, ukakasi au mwasho. Kitenzi kinachotumika kwa tendo hilo katika lugha yenu. Na kama jina hilo hutumika pia kwa mti mwingine. Pale inapowezekana, kaushieni kitawi chenye majani na maua kati ya kurasa za gazeti ili mwanabotania aweze kukitambua. Majina yatakayopokelewa tutayachapisha katika toleo lijalo, kwa mpangilio wa lugha.